Taka za asidi na hatari zake katika viwanda vya kemikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Taka za asidi ni zipi hasa, na zinatoka wapi?

Watu wengi wakisikia neno hili hufikiria asidi iliyomwagika au iliyochakaa, lakini sehemu kubwa ya taka za asidi ni asidi ambayo imefanya kazi yake vizuri kabisa, kisha ikabaki bila pa kwenda. Asidi ya salfuriki iliyofyonza maji wakati wa mmenyuko na kupoteza ukali wake, asidi ya haidrokloriki inayozaliwa kila mara klorini inapochukua nafasi ya haidrojeni katika kemikali ya kikaboni, maji yaliyosuuzia bidhaa au vyuma, maji ya minara inayosafisha gesi za bomba la moshi, na chumvi za alumini au chuma zinazogeuka kuwa na asidi zikikutana na maji: hizo zote zimo katika kundi hili.

Kila moja ina ukolezi wake, uchafu wake na dawa yake. Kuziita zote kwa jina moja ndilo kosa la kwanza.

Tukiimwagia asidi chokaa na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambapo 7 si asidi wala alkali) ikafika 7, si tumekwisha kumaliza tatizo?

Hapana, mmelibadilisha umbo. Tani moja ya asidi ya salfuriki safi huhitaji takriban tani 0.76 ya chokaa iliyozimwa kwa maji, na kinachotoka ni tani 1.75 hivi za jasi kavu. Kwa kuwa tope la jasi halitoki kwenye chujio likiwa kavu, uzito halisi unaopakiwa kwenye lori ni mkubwa zaidi ya huo. Mkitumia mawe ya chokaa yaliyosagwa badala ya chokaa, tope ni lile lile, na juu yake mnaongeza karibu tani 0.45 ya kaboni dioksaidi hewani. Mkitumia kostiki soda hamtaona tope lolote, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu tani 1.45 hivi za salfeti ya sodiamu zitakuwa zimeyeyuka katika maji yanayotoka nje yakiwa maangavu.

Kwa hiyo kuua ukali wa asidi ni hatua ya lazima, lakini ni ya mwisho. Ni matibabu ya kile ambacho hatua zote zilizotangulia zimeshindwa kukizuia. Mhandisi anayeanzia hapo atatumia maisha yake yote kununua chokaa.

Je, wazo la kuifanya taka ya asidi kuwa malighafi ni jipya?

Ni la karne ya 19. Viwanda vya Uingereza vilivyotengeneza magadi kwa njia ya Leblanc vilichanganya chumvi na asidi ya salfuriki, na gesi ya haidrojeni kloraidi iliyotoka iliachiwa hewani, ikaunguza miti na mashamba ya jirani. William Gossage alibuni mnara wa kuiosha gesi hiyo kwa maji mnamo 1836, na sheria ya mwaka 1863 ikavitaka viwanda vizuie angalau asilimia 95 ya gesi isitoke. Vikatii. Kisha asidi iliyonaswa minarani ikamwagwa mitoni, na balaa ikahama kutoka hewani kwenda majini.

Kilicholeta nafuu ya kweli ni kwamba wakemia kama Walter Weldon na Henry Deacon walipata njia za kuigeuza asidi hiyo kuwa klorini, ambayo ilihitajika kutengenezea poda ya kung'arishia vitambaa na karatasi. Taka ikawa na mnunuzi. Njia ya Deacon haijazeeka hata leo: viwanda vinavyozalisha haidrojeni kloraidi kwa wingi vinaitumia kuirudisha klorini, safari hii kwa vichocheo vya rutheniamu, na vile vya kutengeneza malighafi ya plastiki ya PVC huirudisha gesi hiyo kwenye mmenyuko moja kwa moja pamoja na ethilini na oksijeni.

Tuanzie wapi?

Anzeni na hesabu, kabla ya kununua mashine yoyote. Andikeni kilo za asidi zinazoingia kiwandani kwa mwezi, kisha mtafute zilikokwenda: ngapi zimo ndani ya bidhaa, ngapi zimetoka kama asidi iliyotumika, ngapi zimo katika maji ya suuza, ngapi zimepotea kama ukungu, ngapi zimevuja. Hesabu hii hukataa kulingana mara ya kwanza, na pengo hilo ndilo linalofundisha. Mara nyingi hugundulika kwamba mwendeshaji anaongeza asidi kidogo zaidi ya kipimo "kwa usalama wa bidhaa", kwa sababu miaka mingi nyuma shehena moja iliharibika na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza kama tahadhari hiyo bado inahitajika.

Ni mahali gani mmenyuko wenyewe unaweza kubadilishwa ili asidi isizaliwe?

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo viwanda vilivyokwisha kujengwa hupaona pagumu zaidi. Mifano michache itatosha.

Utengenezaji wa malighafi za sabuni za unga na za maji ulitegemea zamani oleumu, yaani asidi ya salfuriki iliyoyeyushiwa trioksaidi ya salfa. Mmenyuko ukiisha, tabaka la asidi iliyopungua ukali lilibaki chini ya tangi na ilibidi litenganishwe. Siku hizi trioksaidi ya salfa huchanganywa na hewa kavu na kupitishwa juu ya utando mwembamba wa kimiminika unaoteremka ukutani mwa mabomba yanayopozwa kwa maji. Gesi huingia katika bidhaa karibu yote, na asidi ya kutupa haipo kabisa au ni kidogo mno.

Benzini ilikuwa ikiunganishwa na propilini au ethilini kwa kutumia kloraidi ya alumini au asidi ya fosforiki. Kloraidi ya alumini ilipooshwa kwa maji iliacha majitaka yenye asidi na alumini kila siku ya kazi. Zeolaiti, ambazo ni madini yenye vitundu vidogo sana na asidi iliyofungwa ndani ya mwili wake, zimechukua kazi hiyo kwa kiasi kikubwa tangu miaka ya 1980 na 1990. Asidi ipo, lakini ni mango, haivuji, haimwagiki, na hukaa kwenye mtambo kwa miaka.

Kaprolaktamu, malighafi ya nailoni, ni mfano ninaoupenda kwa sababu namba zake zinachekesha: njia ya kawaida ya oleumu na amonia, katika hatua ya mwisho peke yake, huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya salfeti ya amonia kwa kila kilo ya bidhaa. Kiwanda kinajiita cha nailoni huku kwa uzito kikiwa cha mbolea. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilianza mwaka 2003 kufanya hatua hiyo katika hali ya mvuke juu ya zeolaiti, bila salfeti hiyo.

Upo pia utengenezaji wa nitrobenzini, yaani benzini iliyomenyushwa na asidi ya nitriki. Asidi ya salfuriki haitumiki humo kama chakula cha mmenyuko. Kazi yake ni kusaidia asidi ya nitriki na kufyonza maji. Zamani joto la mmenyuko lilitupwa kwenye maji ya kupoza, halafu joto jingine likanunuliwa ili kuichemsha asidi iliyozimuliwa. Katika njia mpya zaidi mmenyuko huachwa upate joto lake wenyewe, na joto hilo hilo huyafukuza maji chini ya ombwe, asidi ikarudi mwanzo wa mtambo ikiwa tayari kwa kazi.

Je, kupunguza taka na kupunguza hatari ni jambo moja?

Mara nyingi ndiyo, kwa kuwa asidi ambayo haipo haiwezi kumwagika wala kutupwa. Trevor Kletz, mhandisi wa usalama aliyefanya kazi katika kampuni ya kemikali ya Uingereza ICI, alilijenga somo zima juu ya wazo hilo baada ya maafa ya mwaka 1974 katika kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, yaliyoua watu 28: kwamba ulinzi bora kuliko wote ni kutokuwa na kitu cha hatari kwa wingi, kuliko kukizungushia king'ora na vali.

Lakini yapo mahali yanapogombana, na anayesema kinyume hajatazama karibu. Dawa ya ibuprofeni ilikuwa ikitengenezwa kwa hatua sita, na takriban asilimia 40 tu ya uzito wa malighafi ikaingia katika dawa yenyewe. Njia ya hatua tatu iliyoanza kutumika mwaka 1992 iliipandisha sehemu hiyo hadi karibu asilimia 77 na kuondoa taka nyingi za alumini. Siri yake mojawapo ni asidi ya haidrofloriki, ambayo hurudishwa karibu yote na kutumika tena. Taka zimepungua sana. Kitu kilichomo ndani ya mabomba ni cha kutisha zaidi. Vivyo hivyo katika viwanda vya kusafisha mafuta: wanaotumia asidi ya salfuriki kutengeneza kiungo cha petroli huachiwa milima ya asidi iliyotumika, na wanaotumia haidrofloriki hupata taka kidogo pamoja na uwezekano wa wingu la sumu juu ya mitaa ya jirani. Uamuzi wa namna hii haupaswi kufanywa na idara ya mazingira peke yake, wala na idara ya usalama peke yake.

Asidi iliyotumika inaweza kurudishwa kuwa nzuri?

Inaweza, ila njia hutegemea ni asidi gani na imechafuliwa na nini.

Salfuriki iliyozimuliwa kwa maji tu huchemshwa chini ya ombwe, kwa hatua, katika vyombo vya chuma vilivyopakwa kioo ndani au vyenye sehemu za tantalamu. Ikiwa imechanganyika na mafuta na lami, kuchemsha hakusaidii. Hunyunyizwa ndani ya tanuru lenye joto la nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, ikavunjika kuwa dioksaidi ya salfa, na gesi hiyo hurudi katika mtambo wa kutengeneza asidi mpya. Hapo hamsafishi asidi ya zamani. Mnazaa nyingine kutoka kwenye majivu yake.

Haidrokloriki ina kikwazo cha kimaumbile: ukiikeneka katika kanieneo ya kawaida, mchanganyiko hugoma kutengana ukifika asilimia 20 hivi, ambapo maji na asidi huchemka pamoja. Ile iliyotumika kuondoa kutu kwenye mabati huwa imejaa kloraidi ya chuma, na njia yake ni kuinyunyiza katika tanuru: kloraidi huvunjika, asidi ya asilimia 18 hadi 20 hurudi kazini, na unga mwekundu wa oksaidi ya chuma huuzwa kwa watengenezaji wa rangi na sumaku.

Pale asidi huru inapokuwa imechanganyika na chumvi za metali na kiasi si kikubwa, kuna tando zinazoiruhusu asidi kupita na kuizuia metali, na kuna punje za resini zinazofanya kazi ya namna hiyo. Vifaa hivi havihitaji joto. Udhaifu wake ni kwamba asidi inayorudi haizidi ukali wa ile iliyoingia, na chumvi zinazobaki bado zinahitaji kushughulikiwa.

Maji ya suuza ni mengi mno. Tufanye nini?

Suuzeni kwa hatua, maji yakienda kinyume na bidhaa. Tuseme bidhaa inatoka na lita moja ya asidi kila saa na mnataka ipungue ukolezi mara 1000. Kwa tangi moja mtahitaji lita 1000 za maji kwa saa. Kwa matangi mawili, ambapo maji safi huingia la mwisho na kufurikia la kwanza, lita 32 hivi zinatosha. Kwa matatu, karibu lita 10. Tena maji hayo machache yana asidi ya kutosha kurudishwa kwenye tangi la kazi, jambo lisilowezekana kwa zile lita 1000.

Tunaweza kukusanya asidi zote zilizotumika katika tangi moja?

Msifanye hivyo. Nitriki ikikutana na haidrokloriki hutoa klorini. Nitriki ikikutana na kiyeyushio cha kikaboni inaweza kulipuka, pengine baada ya saa kadhaa za ukimya. Asidi yoyote ikiingia kwenye taka yenye sianidi au salfaidi hutoa gesi zinazoua katika chumba kimoja kabla mtu hajafika mlangoni. Mbali na hatari, mchanganyiko hauwezi kurudishwa tena: asidi mbili safi zilizochanganywa ni taka moja.

Kwa nini pH yetu haitulii wakati wa kuua asidi?

Kwa sababu kipimo cha pH hupanda kwa mara kumi kumi, na pampu yenu haijui hilo. Mita moja ya ujazo ya maji yenye asidi kali katika pH 1 huhitaji kilo 4 za kostiki soda. Ikiwa katika pH 3, gramu 40. Ikiwa katika pH 5, gramu 0.4. Pampu iliyochaguliwa kwa ajili ya zile kilo 4 haiwezi kudondosha kwa ulaini unaotakiwa mwishoni, ikapitiliza hadi pH 11, kisha mwendeshaji akaongeza asidi kurudi chini, na kwa mchezo huo mnanunua kemikali mbili ili ziuane zenyewe. Gaweni kazi katika matangi mawili au matatu, la kwanza likifanya kazi nzito na la mwisho likirekebisha tu. Haidroksaidi ya magnesiamu pia inasaidia, kwa kuwa hata ikizidishwa haipandishi pH sana kupita 9.

Angalieni pia joto. Asidi iliyokolea haimiminwi moja kwa moja kwenye alkali iliyokolea. Mchanganyiko huchemka na kuruka.

Ni asidi kwenye maji, au maji kwenye asidi?

Asidi kwenye maji, polepole, huku mkikoroga. Maji ni mepesi kuliko asidi ya salfuriki, hivyo yakimwagwa juu yake hubaki juu, yakachemka papo hapo na kurusha asidi usoni.

Ajali kubwa hutokea wapi hasa?

Hutokea zaidi katika kazi zinazoonekana za kawaida kuliko ndani ya mmenyuko wenyewe. Tuchukue tangi la asidi.

Chuma cha kawaida huhifadhi salfuriki ya asilimia 93 hadi 98 bila shida, kwa kuwa tabaka la salfeti ya chuma hujijenga ukutani na kukilinda. Asidi ikizimuliwa, hata kwa unyevu wa hewa ulioingia kupitia tundu la juu, ulinzi huo huisha, chuma huliwa na gesi ya haidrojeni hutoka. Tarehe 17 Julai 2001, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Delaware City, Marekani, mafundi walikuwa wakikarabati njia ya kutembelea juu ya matangi ya asidi iliyotumika. Tangi moja lilikuwa na matundu ya ulikaji na mvuke wa mafuta ndani yake. Cheche za kazi hiyo ziliuwasha mvuke, tangi likang'oka, fundi mmoja akafa na wengine 8 wakajeruhiwa, na asidi ikafika hadi mtoni. Ulikaji wa tangi hilo ulikuwa umejulikana. Kibali cha kuchomelea karibu na tangi la asidi lazima kitanguliwe na kipimo cha gesi, na kipimo hicho kirudiwe kazi inapoendelea.

Mahali pa pili ni pale lori linapopakulia. Tarehe 21 Oktoba 2016, katika mji wa Atchison, Kansas, Marekani, salfuriki ilipakuliwa kwa makosa ndani ya tangi la hipokloraiti ya sodiamu (kemikali ya kung'arishia yenye klorini), wingu la klorini likapanda, na zaidi ya watu 140 wakatafuta matibabu. Midomo ya mabomba ilikuwa karibu karibu na iliweza kupokea mpira ule ule. Kinga yake si semina nyingine. Wekeni viungio vya maumbo tofauti ili mpira wa asidi ukatae kuingia penye hipokloraiti, na kufuli ambayo ufunguo wake hautoki kwa mtu wa kiwandani mpaka hati za shehena zisomwe.

Mahali pa tatu ni kikorogeo kilichosimama. Katika kunaitrisha, yaani kumenyusha kemikali ya kikaboni na asidi ya nitriki, kikorogeo kikizimika huku asidi ikiendelea kuingia, vimiminika viwili hukaa tabaka juu ya tabaka bila kumenyuka. Anayekiwasha upya huchanganya kwa mara moja kila kilichorundikana, na upozaji haumudu joto hilo. Pampu ya asidi inapaswa ijizime yenyewe kikorogeo kinaposimama, na kuwasha upya kuwe na utaratibu ulioandikwa.

Kwa nini asidi ya haidrofloriki hutajwa peke yake?

Kwa sababu inadanganya. Ikiwa imezimuliwa, mtu anaweza asihisi maumivu kwa saa kadhaa, huku floraidi ikipenya kwenye nyama, ikinyang'anya kalisi ya mwili na kuuvuruga moyo. Penye asidi hii lazima kuwe na jeli ya glukoneti ya kalisi karibu, na hospitali ya jirani iwe imearifiwa kabla ya ajali. Huko Gumi, Korea Kusini, mwaka 2012, wafanyakazi 5 walikufa gesi ya asidi hiyo ilipovuja wakati wa kupakua.

Glavu na miwani vinatosha?

Ni ukuta wa mwisho, na una nyufa. Havizuii ukungu wa asidi kuvutwa puani: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka ukungu wa asidi kali zenye salfuriki katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1992. Funikeni matangi na kuivuta hewa ya juu yake hadi kwenye mnara wa kuoshea kabla ya kuhesabu barakoa.

Kuhusu bafu za dharura na viosheo vya macho, kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mtu avifikie kwa sekunde 10, na maji vuguvugu yatiririke kwa dakika 15 bila kukoma. Jaribuni wenyewe, mkiwa mmefumba macho, kutoka kwenye pampu hadi kwenye bafu. Kama kuna pipa njiani, mtalikuta.

Kiwanda chetu ni kidogo na hatuwezi kununua tanuru wala mitambo ya ombwe. Tufanye nini?

Mengi ya maana hayahitaji tanuru. Hesabu ya asidi inahitaji daftari na mizani. Tangi la pili la kusuuzia ni tangi tu. Kutenga taka kwa aina kunahitaji mapipa yenye rangi tofauti na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukataa. Asidi iliyotumika lakini bado safi kiasi inaweza kuuzwa kwa jirani ambaye hahitaji ubora wa juu, kwa mfano anayeua ukali wa majitaka yake ya alkali, ilimradi apewe matokeo ya kipimo cha metali zilizomo na mkataba ueleze nani anabeba wajibu njiani. Ikiwa mnunuzi yuko nchi nyingine, kumbukeni kwamba Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 huitaja miyeyusho ya asidi miongoni mwa taka zinazodhibitiwa, na shehena haiondoki kabla nchi inayopokea haijakubali kwa maandishi.

Punguzeni pia akiba. Kiwanda kinachotumia tani moja kwa wiki hakina sababu ya kuhifadhi tani 30 kwa kuwa tu muuzaji alitoa punguzo.